Umeachaje Nyumbani?

Mume wangu alirudi nyumbani Jumanne saa sita mchana, siku moja tu baada ya kuondoka kwa safari ya wiki tatu. Nilikuwa nimetoka studio, nimekaa kibarazani nachambua mchele, na binti yetu alikuwa bado shuleni. Bodaboda ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka na begi lake, kofia yake ya nyuki yenye wavu ikining'inia mgongoni, safi, haina hata harufu ya moshi. Nikajua hajafika mzingani.

"Umesahau nini?" nikamuuliza.

"Sijasahau kitu. Wamenirudisha."

"Nani? Ofisi?"

"Wanakikundi."

Kazi yangu ni habari za redio, na nimejifunza kwamba mtu akikupa nusu ya jibu usimkimbize. Ukinyamaza kidogo, nusu nyingine huja yenyewe. Nikaendelea kuchambua mchele. Lakini siku ile kunyamaza kwangu hakukuwa ufundi wa kazi tu. Ndani ya mkoba wangu, uliokuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kulikuwa na barua niliyoichapisha kwenye steshenari ya mjini ili wenzangu kazini wasiione. Kituo kimoja cha redio cha Mwanza kilikuwa kinanitaka. Walisubiri jibu langu mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Nilikuwa nimeshaamua kusema ndiyo na kuondoka na mtoto, na mume wangu alikuwa hajui. Sikuwa nimeiita safari hiyo kwa jina lake hata kichwani mwangu, ila ukweli ni kwamba haikuwa kuhama kazi. Ilikuwa kumwacha.

Nieleze kwa mpangilio tulivyofika hapo, kwa sababu hakuna aliyempiga mwenzake wala aliyekamatwa na mtu mwingine. Ni kazi tu. Yeye ni afisa ufugaji nyuki, kituo chake Inyonga. Mimi kituo changu ni hapa Mpanda mjini, na nyumba yetu iko hapa. Mwanzoni alikuwa anakuja kila Ijumaa na basi, anabeba ndoo ya asali au mfuko wa uyoga, na Jumatatu anaondoka mapema. Kisha ikawa kila baada ya Ijumaa mbili. Kisha akaongezewa vikundi vya wafugaji nyuki, na msimu wa kurina asali ukifika anaingia nao msituni wiki tatu, anatoka siku nne, anaingia tena.

Mimi nami sikukaa nilipokuwa. Nilianza na salamu za wasikilizaji, nikapewa habari za saa sita, baadaye nikakabidhiwa kipindi cha asubuhi chote. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, naingia hewani saa kumi na mbili na nusu, natoka saa tatu. Mchana nipo Kakese kwenye mkutano wa wakulima, au Kabungu kwenye daraja lililokatika. Tulipata dada wa kutusaidia na mtoto asubuhi. Tulikuwa tunajisifu, kila mmoja akimsifu mwenzake mbele za watu, kwamba tunajituma.

Tatizo lilianza na simu. Kambi yao ya msituni iko bondeni na mtandao haufiki. Ili apige simu lazima apande kilima, nusu saa kwa mguu. Na kila alipopanda, alipiga saa tatu na nusu asubuhi. Nilipofanywa msimamizi wa zamu ya asubuhi, saa tatu na nusu ikawa saa ya kikao cha chumba cha habari, na mkuu wa kituo alikuwa ameweka sheria kwamba simu zinazimwa sauti na kuwekwa mezani. Nikitoka saa tano nakuta simu mbili au tatu ambazo sikupokea. Nampigia. Yule dada wa kwenye simu ananiambia mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Jioni pia hapatikani. Kinachobaki ni ujumbe: "Nipo salama. Kazi inaendelea vizuri." Ukiongeza muhuri chini yake, ni barua ya ofisini.

Mimi mwandishi, nikaanza kuandika. Sikuandika kwenye karatasi, niliandika kichwani. Anapiga saa ileile, siku zote, saa ambayo sipatikani. Mtu anayetaka kuongea na mke wake si atajaribu saa nyingine? Mwezi wa nne mtoto aliugua malaria, dada alikuwa amekwenda kwao msibani, nikasoma habari huku binti yangu amelala kwenye benchi la studio amefunikwa khanga yangu. Siku hiyo nayo simu iliita mezani saa tatu na nusu wakati mimi nipo kwenye foleni ya maabara. Nilikuwa nimeisahau kazini. Jioni nikakuta ujumbe: "Nipo salama." Nikaamua kwamba nimepata ushahidi wa kutosha. Huyu mtu anapiga ili aweze kusema alipiga.

Jumapili kabla ya Jumanne hiyo alikuwa nyumbani. Tulitoka misa, nikachemsha chai, nikamwambia binti yetu aandae vikombe. Ana miaka sita. Akachukua kikombe chake cha plastiki, akachukua changu kilichomeguka mdomo, kisha akapanda kigoda akashusha kutoka juu ya kabati kikombe cha maua chenye kisahani, ambacho tunawapa wageni, akakiweka mbele ya baba yake na kusema, "Karibu."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu alikunywa chai ile polepole, akashukuru. Jioni alipoanza kufungasha begi nikamwambia, "Nenda. Ukirudi utatukuta au hutatukuta, utajionea mwenyewe." Akaniuliza nina maana gani. Nikamwambia aende, asichelewe basi la asubuhi.

Kwa hiyo Jumanne ile, nilipokuwa nachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambulika, nilikuwa nasubiri asimulie. Akavua viatu, akakaa kwenye kigoda cha mtoto.

Kikundi kile cha Inyonga kina utaratibu wao. Kabla hawajaingia msituni husimama kwenye kijiji cha mwisho, watu kumi na wawili, na mwenyekiti anamuuliza kila mmoja kwa zamu: umeachaje nyumbani? Mtu anajibu, nimeacha salama. Kama umeacha ugomvi unasema, na unarudi kuumaliza. Hakuna anayekuchukia, wala hakuna anayekusindikiza. Mume wangu, aliyesomea nyuki chuoni na mwenye cheti, alikuwa analichukulia jambo hilo kama kuimba wimbo wa taifa. Unasimama, unasema, unaendelea.

"Jana wakaniuliza," akasema. "Nikanyamaza."

"Kwa nini hukusema salama tu?"

"Mwezi wa tano nilisema."

"Halafu?"

"Halafu mwenyekiti akang'atwa mdomo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kukasirika, nikachagua la pili. "Kwa hiyo umerudi kwa sababu ya nyuki."

"Nimerudi kwa sababu waliniuliza nikakosa la kusema."

"Lakini wasingekuuliza ungeenda."

Mimi nikafanya ninachofanya na kila habari inayoletwa na mtu mmoja: nikatafuta chanzo cha pili. Nikamwambia anipe namba ya mwenyekiti. Akanipa, nikapiga, nikaweka spika.

"Haloo," nikasema. "Naongea na mwenyekiti wa kikundi cha nyuki?"

"Ndiye. Wewe ni shemeji wa redio?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Sauti yako kwenye simu ndogo, shemeji. Redioni mtu anadhani wewe ni mnene."

Nyuma yake nikasikia wanaume wanacheka. Walikuwa bado kijijini, wote. Kibali cha kuingia msituni kilikuwa na jina la mume wangu, na bila yeye hakuna aliyeweza kuvuka kizuizi.

"Nataka kuthibitisha," nikasema. "Ni kweli mmemrudisha mume wangu?"

"Tumemrudisha. Si kwa ubaya. Tulimuuliza kama tunavyoulizana wote. Akanyamaza. Sasa mtu mzima akinyamaza tumfanyeje? Mwezi wa tano alitudanganya, tukaingia naye. Mdomo wangu ulivimba ukawa kama kiatu. Mke wangu alinicheka wiki nzima, na watoto wakawa wananiita mgeni."

"Mwenyekiti, nyuki wanauma watu kila siku."

"Wanauma, sikatai. Lakini mtu mwenye ugomvi nyumbani anashika kienge kama anataka kumpiga mtu." Kienge ni lile fungu la magome na majani makavu wanalowasha kutoa moshi. "Mkono unaruka. Nyuki hawapendi mkono unaoruka. Hilo hata huko alikosoma huyu wanafundisha, ila wao wanaliandika kwa maneno marefu. Sasa niambie wewe, maana yeye hasemi. Nyie mnaelewana au hamuelewani?"

Nilikuwa na njia rahisi. Ningesema tunaelewana, mume wangu angepanda bodaboda ileile, wanaume kumi na mmoja wangepata msimu wao, na Ijumaa ningejibu barua yangu kwa utulivu bila mtu wa kuniangalia usoni. Mume wangu alikuwa ameinamia ungo wa mchele kana kwamba jibu limo humo.

"Hatuelewani, mwenyekiti," nikasema.

Vicheko vikakoma.

"Haya," akasema mwenyekiti. "Asante kwa kusema. Basi kaeni. Tunawasubiri mpaka Jumamosi. Ikipita Jumamosi, tutaomba ofisi itupe afisa mwingine, maana moto wa msituni utaunguza mizinga, hausubiri ndoa ya mtu."

Nilipokata simu, mume wangu akauliza, "Hatuelewani kiasi gani?"

Nikaenda kuchukua barua kwenye mkoba. Aliisoma mara mbili. Namfahamu anavyosoma, mara ya kwanza anasoma haraka, mara ya pili kwa kidole.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Ijumaa. Baada ya kujibu."

"Na mtoto?"

"Ningeenda naye."

Akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia. "Kwa hiyo ningeshangaa tu siku moja redioni kuna mtu mwingine," akasema.

Nilidhani ni kejeli. Nikamwambia mambo ya nyumbani kwetu hayasomwi redioni. Akanitazama kama mtu aliyetaka kusema kitu akakiacha, kisha akaenda shuleni kumchukua mtoto. Ilibidi nimwelekeze. Darasa la mtoto lilikuwa limehamishiwa jengo jipya tangu mwezi wa tatu, na yeye hakuwa na habari.

Jumatano nilitoka saa kumi na moja kama kawaida, nikamwambia dada apumzike siku hiyo. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilitaka mume wangu aone. Nilisoma habari, nikakaa kikaoni, nikaenda Kakese kuhoji wakulima wa mpunga, nikarudi saa nane. Nikamkuta mume wangu jikoni, shati lake la pili siku hiyo nalo limelowa, binti yetu amesukwa nywele upande mmoja tu. Wali ulikuwa mezani. Alikuwa ameupika kwa vipimo vya kambini, maji kidogo na moto mkubwa, na punje zilikuwa bado na kiini kigumu.

"Baba kapika mchele," binti yetu akaniambia.

"Unaitwa wali," akasema baba yake.

"Huu bado mchele."

Nikacheka. Sikupanga kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha, mpaka nikaweka kijiko chini. Mume wangu naye akacheka, akaurudisha wali motoni. Mtoto akatoka kwenda kucheza. Tukabaki sisi wawili, na kwa kuwa kicheko kilikuwa kimenilegeza, nikauliza swali nililokuwa nalo tangu mwezi wa pili. Nililiuliza kwa sauti ya kazini, ile isiyo na hasira, kwa sababu ndiyo sauti pekee niliyoiamini siku hiyo.

"Kwa nini kila ukinipigia ni saa tatu na nusu?"

Akashangaa. "Kwa sababu unamaliza saa tatu."

"Umejuaje namaliza saa tatu? Nilipopewa kipindi cha asubuhi ulikuwa msituni."

"Nakusikia."

"Unanisikia wapi?"

"Kambini. Mwenyekiti ana redio ya betri. Tunaning'iniza waya kwenye tawi, ukikaa vibaya inakwaruza, lakini tunakupata. Kila asubuhi. Watu wote wanakaa kimya mpaka umalize, hata chai hawakorogi. Ukiaga wasikilizaji mimi naanza kupanda kilima. Nikifika juu ni saa tatu na nusu."

Fundi mitambo wetu siku zote alikuwa anatuambia kwamba mawimbi yetu yanaishia mbali sana na huko. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu bondeni amekaa na waya kwenye tawi.

"Wiki ile ya mafua ulisoma siku tatu ukimeza mate kila baada ya sentensi," akaendelea, huku amegeukia sufuria. "Siku mtoto anaumwa nilijua kuna kitu. Ulisoma hali ya hewa haraka sana. Huwa unaisoma polepole. Nikapanda kilima mbio, nikapiga, hukupokea. Nikasema basi, amekasirika hataki kuongea na mimi. Kila siku ulikuwa hupokei."

Nikamweleza kuhusu kikao. Kuhusu simu zinazokusanywa mezani saa tatu na robo. Kuhusu kupandishwa cheo, ambako nilimwambia kwa ujumbe wa maneno manne bila kueleza kimebadilika nini. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Kwa miezi mitano mtu huyu alikuwa anapanda kilima kuja kupiga simu kwenye meza ya mkuu wangu wa kituo, na mimi nilikuwa naihesabu simu ile kama ushahidi dhidi yake.

Ningependa kuandika kwamba nililia na tukakumbatiana. Sivyo ilivyokuwa. Nilikasirika upya, na hasira hii ya pili ilikuwa na maana kuliko ya kwanza.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa na mimi kila asubuhi," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Mimi sikuwa na wewe hata siku moja."

Akaweka mwiko chini.

"Wewe ulikuwa unanisikia, ukashiba," nikasema. "Unajua nina mafua, unajua nimechoka, unajua mvua imenyesha Kabungu. Ukaona ndoa inaendelea. Mimi nilikuwa naongea na mkoa mzima, baba. Sikuwa naongea na wewe. Na wewe ulipokuwa unaongea na mimi ulikuwa unaniandikia 'nipo salama'."

Wali ukaanza kuungua chini. Hakuna aliyeugusa mpaka moshi ulipotoka.

"Hilo sikuwahi kuliona hivyo," akasema hatimaye. Akaipua sufuria. "Kweli, sikuwahi kuliona."

Siwezi kueleza vizuri kwa nini maneno yale yalinitua mzigo. Hayakuwa msamaha. Lakini nilikuwa nimeishi miezi mingi nikiamini kwamba anajua na hajali, na sasa niliona uso wa mtu aliyekuwa hajui. Kati ya hayo mawili kuna umbali mrefu kuliko wa Mpanda na Inyonga.

Alhamisi tuliongea tangu niliporudi kazini mpaka jua linazama, na tuliongea kama watu wanaopanga harusi ya mtu mwingine: nani afanye nini, siku gani. Hapo ndipo niligundua jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Katika vikundi vitatu alivyokuwa navyo, alipewa kimoja tu. Viwili aliviomba mwenyewe.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Ulikuwa hupokei simu," akasema. "Nikaona bora nifanye kazi."

Nikamwambia kwamba mimi nami kipindi cha asubuhi nilikikubali kwa jibu la namna hiyohiyo. Mkuu wa kituo aliniuliza kama familia itaruhusu, nikamjibu familia haipo. Tukatazamana. Tulikuwa tumekimbiana kwa kujificha kazini, kila mmoja akimkimbia mwenzake aliyekuwa tayari amekimbia.

Siku hiyohiyo akampigia bosi wake Inyonga, akaomba vile vikundi viwili wapewe wenzake. Bosi, kwa mujibu wa mume wangu, alisema alikuwa anashangaa siku nyingi kwa nini mtu mmoja anabeba vitatu. Mimi Ijumaa asubuhi nikamfuata mkuu wangu wa kituo kabla ya kikao nikamwomba kikao kisogezwe mpaka saa nne.

"Saa tatu na nusu kuna nini?" akauliza.

"Kuna simu."

"Ya habari?"

"Ya mume wangu."

Ni mama wa makamo, mkali, na nilitegemea hotuba. Aliandika kitu kwenye kalenda yake, akasema, "Saa nne. Na ukichelewa dakika moja nakukata," akaendelea na kazi. Miezi mitano, na lilikuwa jambo la kuomba.

Ilibaki barua. Nilirudi nyumbani saa nane, nikakaa nayo kibarazani. Mume wangu alikuwa uani anashona wavu wa kofia yake uliochanika pembeni. Nilijaribu kujihoji kama ninavyowahoji wengine. Hii kazi ya Mwanza ungeitaka kama ungekuwa na raha nyumbani? Nikajibu kwamba studio zao ni nzuri. Nikajiambia hilo si swali nililouliza. Nikakumbuka kwamba tangu nipate barua ile sikuwahi kuwaza nitasoma nini kule, nitafanya kipindi gani. Nilikuwa nawaza begi tu, na siku ya kufungasha. Nilikuwa nimeipenda barua ile kama mlango, si kama kazi.

Saa kumi kasoro nikawaandikia Mwanza, nikawashukuru, nikawaambia sitakuja. Nikamwonyesha mume wangu simu. Alisoma mara mbili, ya pili kwa kidole. Akaendelea kushona, lakini sindano ilimchoma mara mbili mfululizo.

Kisha nikampigia mwenyekiti.

"Shemeji," nikasema, "tumeelewana."

"Yeye kasema au wewe?"

"Wote."

"Hapana, ngoja. Mwezi wa tano niliamini mtu mzima. Mtoto yupo?"

Nikampa binti yetu simu. Akaishika kwa mikono miwili, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Niambie. Baba na mama wanaongea?"

"Wanaongea sana," akasema. "Jana wameongea mpaka ugali umepoa. Mimi nimekula peke yangu."

Kicheko kilicholipuka upande ule kilikuwa cha watu wengi. "Mwambie baba aje kesho," akasema mwenyekiti. "Na aje na sukari, yetu imeisha kwa kumsubiri."

Akaondoka Jumamosi na basi la asubuhi. Asubuhi hiyo binti yetu aliandaa vikombe vitatu, na cha baba kilikuwa cha bati cha bluu ambacho huwa tunachotea maji. Nilimwangalia mume wangu. Alikinywea chai, na alipomaliza alikisuuza na kukitundika pale vinapokaa vikombe vyetu.

Siku ya tano, saa sita mchana, konda wa basi la Inyonga aliniita stendi. Akanipa kiberiti kilichofungwa kwa uzi na kupakwa nta. Ndani yake mlikuwa na memori kadi. Nilikwenda nayo nyumbani, nikasubiri mtoto atoke shule, tukaiweka kwenye simu na kukaa kibarazani kusikiliza.

Kwanza ilikuwa sauti ya nyuki tu, kwa muda mrefu, mpaka binti yetu akasema labda baba amesahau kuongea. Kisha akaanza. Alisema ni Jumatatu, wamekula ugali na uyoga, mguu wake wa kushoto umeuma kidogo kwa sababu ya kiatu. Alisema mzinga wa kwanza ulikuwa mzito, wa pili ulikuwa mtupu, na kwamba usiku kulikuwa na baridi akavaa soksi mbili mbili. Alisema alinisikia nikisoma hali ya hewa na akaona nimesoma polepole. Akauliza kama ni kweli au alijidanganya. Hakusema yuko salama hata mara moja. Mambo madogo madogo, dakika kumi na tisa, akipotea na kurudi, akisimama kupuliza pua.

Mwishoni sauti nyingine ikaingia kwa nguvu, karibu kabisa na simu.

"Mwambie shemeji mdomo wangu mzima."

Binti yetu akaniomba tuirudishe mwanzo, kwenye nyuki. Nikairudisha.